Tano kwa Kikombe Namba Sita

Kazi yangu ni kuonja na kutema. Watu wakisikia hivyo hucheka, halafu huniuliza kama nalipwa. Nalipwa. Kwenye kiwanda cha vinywaji ninakofanya kazi kuna chumba kidogo cheupe kisicho na dirisha, chenye meza, sinki na saa ya ukutani. Humo mimi na wenzangu wawili hushinda tukipiga funda, tukizungusha mdomoni, tukitema na kuandika alama. Hatujipaki manukato. Hatuli kitunguu siku za kazi. Mtu akija na mafua anarudishwa nyumbani kama mwizi. Nimeifanya kazi hiyo miaka kumi na minne na sijawahi kumpendelea mtu, hata siku mkurugenzi alipotuletea kinywaji alichokibuni mwenyewe akiwa likizo. Nilimpa mbili kwa kumi.

Nataka hilo lijulikane mapema, kwa sababu yanayofuata hayanipi sifa yoyote.

Ulimi huu sikuzaliwa nao. Alinifundisha mama mdogo, ndugu wa mwisho wa mama yangu, ambaye alinichukua nikiwa na miaka sita baada ya mama kufariki. Mama mdogo hutengeneza kinywaji cha tangawizi. Si ile ya kuchemsha na kunywa papo hapo. Yake inachacha kwenye mtungi, inatiwa kwenye chupa, na ukiifungua vibaya inafoka mpaka kwenye viatu. Pale mjini wanamwita Mama Povu, ingawa yeye mwenyewe ni mpole na hajawahi kumtolea mtu povu.

Siri yote iko chini ya mtungi, kwenye tope la rangi ya maziwa ambalo yeye huliita mbegu. Kila akimaliza kujaza chupa hubakiza mbegu kidogo, akailisha sukari na tangawizi iliyokwaruzwa, kijiko cha asubuhi na kijiko cha jioni, na hiyo ndiyo huchachua mtungi unaofuata. Aliachiwa na bibi. Bibi naye alipewa na jirani siku aliyoolewa. Haijawahi kufa. Mama mdogo akienda msibani huiacha kwa mtu, pamoja na maelekezo marefu kuliko ya mtoto mchanga.

Nilipokuwa mdogo, kabla hajajaza chupa aliniita, "Ulimi, njoo." Ndilo jina alilonipa. Kijiko kilining'inia kwenye msumari wake karibu na mlango, na kijiko cha kwanza cha kila mtungi kilikuja kwangu. Yeye alisimama na kitambaa begani akisubiri niseme. Nikisema bado, tulingoja siku nyingine. Nikisema tayari, alijaza chupa bila kuonja hata tone. Alidai ulimi wake umeharibiwa na chai ya moto. Nilimwamini, na nilijiona mkubwa kuliko mwalimu mkuu.

Kwa hiyo mwaka huu walipoanzisha tamasha la vyakula na vinywaji kule kwetu, na mwenyekiti wa kamati akanipigia simu kuniomba niwe mmoja wa majaji watatu wa vinywaji, kichwa kilinivimba. Mwenyekiti ana duka la vifaa vya ujenzi, na anaongea kama anavyouza, kwa jumla. Nikamweleza wazi kwamba mama yangu mdogo atashindana.

"Dada yangu," akasema, "mji huu nani hana ndugu? Tukitafuta jaji asiye na ndugu hapa tutabaki na mbuzi. Vikombe vitakuwa na namba tu. Wewe njoo."

Mshindi wa vinywaji angepewa kibanda kwenye soko jipya kwa mwaka mzima, chenye paa, bomba la maji na friji. Mama mdogo huuzia kwenye meza mbele ya geti lake, juani, na ikifika saa nane mchana miguu yake imevimba kama mkate. Alizungumza nami jambo hilo mara moja tu, kwenye simu.

"Sitaki unipendelee," akasema. "Onja kama unavyoonja siku zote. Nakuambia tu kwamba nimeshaenda kukiangalia kile kibanda, na najua friji itakaa upande gani."

Nilifika Ijumaa jioni nikalala nyumba ya wageni karibu na kituo cha mabasi, ili watu wasipate la kusema. Nilimtumia ujumbe kumweleza. Akajibu, "Sawa mwanangu." Baadaye niligundua kwamba alikuwa ameshatandika kitanda changu na kuosha chandarua.

Tamasha lilifanyika kwenye uwanja wa shule ya msingi. Walifunga maturubai kuzunguka uwanja, wakaweka meza za kila aina: nyama ya kuchoma, asali, maandazi, jibini, jemu, maziwa ya mgando, na spika moja kubwa iliyokuwa ikikoroma kila mtu akishika kipaza sauti. Ukiwa na pua kama yangu, tamasha la chakula ni sawa na kusimama katikati ya watu mia wanaokuita jina kwa pamoja. Nilipita nikisalimia, nikikataa kuonja, nikijihifadhia mdomo. Kusema kweli nilikuwa najisikia. Nilivaa hata beji.

Nilipokuwa nazunguka nyuma ya turubai la asali nikasikia sauti ya fundi cherehani wa pale sokoni, mtu ninayemjua tangu anishonee sare ya shule.

"Namba za nini kwenye vikombe?" alikuwa akiwaambia wenzake. "Mshindi tunamjua. Jaji ni mtoto wake wa kulea. Hata mimi ningeleta mwanangu."

Wakacheka, si kwa ubaya, kicheko cha watu walioshiba. Nikapita kama sikusikia. Lakini lile neno nilikwenda nalo mpaka kwenye chumba cha kuonjea.

Chumba chenyewe kilikuwa darasa la tatu. Tulikaa kwenye madawati ya watoto, magoti yakigusa kidevu. Majaji wenzangu walikuwa mpishi wa shule ile, mama mcheshi mwenye mikono mikubwa, na daktari wa meno, ambaye alisema amekubali kazi hii ili awaone wagonjwa wake wa mwezi ujao. Kwenye meza ya mwalimu palikuwa na vikombe tisa vyenye namba. Barafu ilikuwa imeisha tangu asubuhi.

Tulionja kwa kimya. Juisi ya embe iliyotiwa sukari mpaka ikakosa adabu. Juisi ya nanasi safi, iliyokamuliwa na mtu mwenye subira. Kinywaji chekundu ambacho hakuna aliyejua kimetoka kwenye tunda gani. Halafu namba sita.

Niliijua kabla haijafika mdomoni. Kwanza ukali nyuma ya koo, kisha limau, halafu mwishoni kabisa ile harufu ndogo ya mkate unaoumuka, ambayo ni ya mbegu na haipatikani popote pengine. Nilikuwa tena mtoto jikoni kwake, nimevaa gauni la shule, kijiko kiko mdomoni, mtu ananisubiri. Kwa mara ya kwanza katika miaka kumi na minne nilisahau kutema. Nilimeza.

Ilikuwa tisa. Hilo halina mjadala. Kilichopungua kwenye kumi ulikuwa ubaridi tu. Nikashika kalamu niandike tisa, na mkono ukamkumbuka fundi cherehani.

Nitasema nilivyofikiri, maana hapo ndipo kosa lilipo. Sikufikiri kumdhuru. Nilifikiri hivi: kinywaji hiki ni kizuri mno, hawa wawili watampa nyingi, atashinda tu hata bila mimi. Nikimpa kidogo, atapata kibanda chake na mimi nitabaki msafi. Nilitaka vyote viwili. Nikaandika tano. Alama tano mimi huyapa maji ya bomba.

Ile kamati ilikuwa na utaratibu wake, na hakuna aliyeniambia. Ili kusiwe na maneno, alama zote zilibandikwa ubaoni nje ya darasa, kila jaji na safu yake, na majina ya washindani yakaandikwa mbele ya namba. Mpishi alikuwa amempa Mama Povu tisa. Daktari wa meno, nane. Mimi, tano. Jumla ishirini na mbili. Bwana wa nanasi, dereva mstaafu wa malori, alipata nane, nane, na saba yangu. Ishirini na tatu.

Nilisoma mara tatu nikitumaini nimejumlisha vibaya. Wakati huo mwenyekiti alikuwa anatangaza mshindi kwenye spika, nayo spika ikakoroma katikati ya jina.

Fundi cherehani alikuja kwangu akiwa wa kwanza. Alinishika mkono kwa mikono yake miwili.

"Dada, nisamehe. Nilikusema vibaya pale nyuma. Kumbe wewe ni mtu wa haki. Tano kwa mama yako mwenyewe! Watu kama wewe wamebaki wachache."

Wengine wakaitikia. Mtu mmoja alisema niwe diwani. Nilisimama nikipokea sifa zile, uso unanichoma, na sikumkatiza hata mmoja.

Mama mdogo alikuwa bado ubaoni. Alivaa miwani yake iliyofungwa uzi upande mmoja, na alisoma kwa kidole, safu kwa safu. Kidole kikafika kwenye safu yangu kikakaa. Halafu akageuka, akanitafuta kwa macho, akaja. Nilijiandaa kwa machozi au kwa kununa. Akanikumbatia.

"Umefanya vizuri," akasema. "Hao wawili ni watu wa hapa, tangawizi yangu wanaijua, wananionea huruma na miguu yangu. Wewe ndiye mjuzi. Sasa niambie, mwanangu. Ilikosa nini?"

Watu walikuwa wametuzunguka. Fundi cherehani alikuwa pale, bado anatabasamu. Ningeweza kumvuta pembeni. Ningeweza kusema sikosei mara nyingi lakini leo nimekosea. Badala yake nikatoa ile sauti ya chumba cheupe.

"Ina ladha ya ukale kidogo, Mama mdogo. Nadhani ni mbegu. Imechoka."

Uongo huo sikuuandaa. Ulikuja wenyewe, na ulikuja na lugha ya kitaalamu, ndiyo maana ulieleweka. Mama mdogo aliitikia kwa kichwa taratibu, kama mtu anayepewa majibu hospitalini.

"Imechoka," akarudia. "Kweli, ni ya siku nyingi sana."

Akarudi kwenye meza yake, akauza chupa zilizobaki zote, akabeba kreti tupu, akaenda zake mapema.

Basi langu lilikuwa la saa sita mchana siku ya pili. Sikula asubuhi hiyo. Nilijiambia nitapita kwake kumuaga na nitamwambia, tena nitamwambia nikiwa mlangoni, kabla sijakaa, kwa sababu nikikaa atanipa chai na nikipewa chai nitanyamaza. Njia nzima nilikuwa nayapanga maneno. Nilikuta geti liko wazi na meza yake ya biashara imeegemezwa ukutani, miguu juu.

Uani, mtungi ulikuwa umepinduliwa juu ya mawe matatu, unachuruza maji. Ulikuwa umesuguliwa kwa jivu mpaka ukabadilika rangi. Sikuwahi kuona ndani yake hata siku moja tangu nizaliwe. Mama mdogo alikuwa amekaa kwenye kigoda, miguu ndani ya beseni la maji ya chumvi, kanga imepandishwa magotini.

"Karibu, Ulimi," akasema. "Umenikuta naanza upya."

"Mbegu iko wapi?"

"Nimeimwaga. Jana ileile, nilipofika tu, hata nguo sijabadilisha, maana nilijua nikikaa nitaionea huruma. Nimeimwaga pale chini ya mpapai, nikamimina na maji ya moto ya sabuni juu yake ili isininukie." Akanyoosha mkono kwenye dirisha, akanionyesha pakiti ndogo ya hamira ya dukani. "Muuza duka anasema hii ndiyo ya kisasa. Tutajaribu. Wewe utanionjea."

Nilikuwa nimepanga kusema nikiwa nimesimama. Nikajikuta nimekaa chini, kwenye sakafu yenye unyevu.

"Mama mdogo, haikukosa kitu."

"Nini haikukosa kitu?"

"Tangawizi yako. Haikuwa na ukale. Mbegu haikuchoka. Nilisema uongo."

Hakunielewa mara moja. Nikamweleza yote, fundi cherehani, dawati, kalamu, hesabu niliyoipiga kichwani. Nilieleza vibaya, nikirudi nyuma, nikijikatiza. Alinisikiliza bila kutoa miguu kwenye beseni. Nilipomaliza akauliza jambo moja.

"Alama yako ya kweli ilikuwa ngapi?"

"Tisa."

Akafikiri.

"Na hiyo moja? Hiyo iliyobaki ilienda wapi?"

Hata hapo, hata baada ya yote, alitaka kujua. Ningempa kumi kwa urahisi, na ningekuwa nimesema uongo mwingine.

"Haikuwa baridi," nikasema. "Barafu iliisha."

Mama mdogo aliuangalia mtungi.

"Barafu," akasema. "Ningekwenda kuomba kwa jirani. Hilo ningeliweza."

Hakulia. Alichukua taulo akaanza kujifuta mguu mmoja, kidole kwa kidole. Mimi ndiye niliyelia, kisha nikaona haya kulia mbele ya mtu ambaye mali yake imemwagwa kwa ajili yangu, nikanyamaza.

Wazo lilinijia kutoka kwenye kazi yangu, kunakotoka mawazo yangu yote. Kila chupa ya kinywaji kilichochacha ina tope kidogo chini. Mbegu ya mtungini ilikuwa imekufa, lakini huenda ilikuwa hai kwenye chupa, kama ipo chupa ambayo haijafunguliwa. Mimi mwenyewe ningepaswa kuwa nazo. Mwaka mzima alikuwa akinitumia chupa kwa watu wanaosafiri, na mwaka mzima nilikuwa nampa mlinzi wa kiwandani, kwa sababu sikutaka kuuchanganya ulimi siku za kazi. Hilo nililimeza, sikumwambia.

"Jana uliwauzia akina nani?" nikamuuliza.

Akanitajia aliowakumbuka. Nikasema nitazunguka.

"Zunguka," akasema. "Mimi siwezi kwenda kwa mtu kumwomba kitu nilichokwisha kumuuzia. Na wakikuuliza unaitakia nini, sema kweli."

Nilianza kwa mpishi wa shule. Nilimkuta anachambua mchele kwenye baraza. Chupa yake ilikuwa imenywewa kwenye chakula cha jana na kuoshwa tayari. Akataka kujua kuna nini, nikamweleza. Aliweka ungo chini.

"Unajua sijala vizuri tangu jana?" akasema. "Nilimpa tisa, nikaona wewe mtaalamu umempa tano, nikasema basi mimi mdomo wangu ni wa kupikia watoto tu. Kumbe." Hakunifokea. Alichukua ungo wake akaendelea kupepeta, na nilipoaga aliitikia bila kuinua macho.

Daktari wa meno alikuwa amemgawia muuguzi wake, muuguzi amekunywa. Mwenye asali alikuwa amekunywa. Mwalimu mkuu alikuwa ameipasua chupa kwenye buti la gari, na alinionyesha doa kana kwamba nimekuja kulifua. Kila mlango nilieleza upya, na kila nilipoeleza hadithi ilizidi kuwa fupi, kwa sababu nilikuwa natupa visingizio kimoja kimoja njiani. Nilipofika kwa fundi cherehani yalibaki maneno machache tu: nilijua ni chake, kilistahili tisa, nikampa tano ili msiniseme.

Alisimamisha mguu kwenye cherehani.

"Kwa hiyo mimi ndiye niliyemnyima mama yule kibanda?"

Ningefurahi kumwachia nusu ya mzigo. Alikuwa tayari kuubeba, uso wake ulionyesha.

"Hapana," nikasema. "Wewe ulipiga porojo. Kalamu nilikuwa nayo mimi."

Akakata uzi kwa meno. Akaniambia kwamba ya kwake ameimaliza ila amemwona dereva mstaafu akinunua mbili. Nikiwa njiani kwenda huko nilisikia honi ya basi langu likiondoka kituoni. Nikampigia mwenyekiti simu nikamwambia alama yangu ilikuwa ya uongo na matokeo yarekebishwe. 

"Dada," akasema, "alama zikishabandikwa zimebandikwa. Nikizibandua leo, mwakani nani ataleta kikombe chake hapa? Mwakani tutatafuta jaji mwingine, usijali." Akakata.

Bwana wa nanasi alikuwa uani kwake, fulana imelowa, anamenya. Alinisikiliza kisu kikiwa kinaendelea. Nilipofika mwisho akakiweka.

"Nilinunua mbili," akasema. "Nilitaka nijue nilichokishinda kina ladha gani. Moja nilikunywa jana. Nikamwambia mke wangu, kuna kitu hapa hakiko sawa." Akaingia ndani, akatoka na chupa iliyofungwa, kioo chake kina ukungu chini. "Hii chukua. Kibanda sikirudishi, nisikudanganye. Nina wajukuu wanne ndani ya nyumba hii na juisi yangu pia ni nzuri."

"Ni nzuri," nikasema. "Nilikupa saba ya kweli."

"Angalau hiyo," akasema.

Niliibeba chupa ile kwa mikono miwili, nimeisimamisha wima, nikitembea katikati ya barabara kama mwehu ili nisijikwae. Mama mdogo aliipokea. Aliifungua pole pole akiwa ameifunika kitambaa, akamimina maji ya juu kwenye jagi, na yale ya mwisho, mazito, yasiyojaza hata vijiko viwili, akayatia kwenye chupa tupu ya jemu. Akatia sukari. Akakwaruza tangawizi. Akafunika na kitambaa, akaiweka mahali pa mtungi.

Niliomba ruhusa kazini siku nne. Nililala kwenye kile kitanda kilichotandikwa tangu Ijumaa. Siku ya kwanza chupa ya jemu haikufanya kitu. Siku ya pili haikufanya kitu. Mama mdogo alinipikia, alinipa maji ya kuoga, alinisimulia habari za majirani, hakunikumbusha hata kwa kikohozi, na hiyo ndiyo iliyoniumiza zaidi. Ningependa anifokee nikajua deni langu lina mwisho wapi. Siku ya tatu, asubuhi, niliona tone moja la hewa likipanda kutoka chini, likasimama juu, likapasuka. Nikamwita. Akaja, akainama, akalitazama lililofuata. Akashusha pumzi ambayo nadhani alikuwa ameibana tangu Jumapili.

Nilirudi kazini. Chumba cheupe kilikuwa kilekile, saa ilekile, ila kila nilipoandika tano niliinua kalamu nikasoma tena. Jumamosi ya tatu nikapanda basi la asubuhi, maana aliniambia kwenye simu kwamba mtungi umejaa.

Nilimkuta jikoni, kitambaa kiko begani. Mtungi ulikuwa mahali pake, umefunikwa, unatoa ile sauti ndogo ya kuchemka bila moto. Harufu ya mkate ilikuwepo. Nilifurahi. Mama mdogo akafunua mtungi, akachukua kijiko kwenye msumari, akachota.

Mimi nilikuwa nimeshasogea. Sikujua kama nimesogea, ni mazoea ya mwili, nilikuwa nimeinamisha kichwa kidogo na mdomo uko tayari.

Akapeleka kijiko mdomoni mwake.

Alifumba macho. Alizungusha, akasubiri, akameza, akasubiri tena, mpaka ile harufu ya mwisho ipite. Alifanya kila kitu kwa mpangilio uleule ninaofundisha wageni kazini. Ulimi wake haukuwa umeharibiwa na chai yoyote. Haukuwa umeharibika hata siku moja. Nikaelewa, nimesimama pale mlangoni, kwamba miaka yote ile alijua mtungi uko tayari au bado, na kijiko alikuwa akimpa mtoto aliyefiwa na mama yake ili apate kitu cha kujivunia.

"Bado," akasema.

Akaosha kijiko, akakifuta, akakirudisha kwenye msumari wake.